Maneno Ishirini ya Kazi

Katuba, Lubumbashi, tarehe 15 Septemba 2024

Shangazi Adolphine mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Sisi wote ni wazima. Tangu shule zifunguliwe Mama anashona uniforme za watoto wa mtaa, na sebule imejaa vitambaa vya bluu mpaka bukari na mboga tunakulia nje. Baba bado yuko kwenye mgodi wa Kipushi. Anakaa huko wiki mbili, anarudi siku mbili, na hizo siku mbili analala kama gunia. Akiamka anauliza habari zako kabla hajanawa uso.

Najua utauliza kwa nini ninaandika wakati simu ipo. Juma lililopita ulipiga, Mama akanipa simu, ukasema, "Mama Kangwa, uko?" Mimi nikasimama tu, ninapumua. Nilikuwepo, Shangazi. Maneno yalifika kooni yakakaa chini. Kwenye karatasi hayaogopi hivyo. Jirani yetu Aaron, yule wa lori, anapita Sakania karibu kila wiki mbili, kama msururu wa mpakani haujamshika, na ameahidi kukupa barua hii mkononi.

Sasa nikuambie kitu kilichonishika kichwa. Mwalimu wetu wa Kiingereza, Monsieur Gauthier, ametugawia karatasi yenye maneno ishirini ambayo Waingereza wanayatumia kusema kwamba mtu anajitahidi. Nilianza kuisoma darasani nikaendelea njiani, na kidogo nigongwe na baiskeli ya magunia ya makaa. Shangazi, hawa watu wanafanya kazi kwa mwili mzima. Wanasema "elbow grease", yaani mafuta ya kiwiko. Ukisugua sufuria mpaka ukajiona uso ndani yake, umetumia mafuta ya kiwiko, na hayo hayauzwi dukani. Mwenye kuinamia kazi bila kuinua kichwa, wanasema ameweka pua kwenye jiwe la kunolea visu. Anayeamka mapema na kuchelewa kulala, wanasema anachoma mshumaa ncha zote mbili. Aliyeamua kujirekebisha amevuta soksi juu. Aliyetafuta kila mahali hakuacha jiwe bila kuligeuza. Nilikuwa ninasoma kama mtu aliyeingia nyumba ya watu asiowajua wakati hawapo na kuona vyombo vyao vyote. Sikujua kwamba lugha inaweza kuangalia jasho la mtu kwa karibu namna hiyo.

Lakini kuna shida. Kila mmoja atachagua neno moja, atasimama mbele, na kwa Kiingereza ataeleza habari za mtu anayemjua kweli, aliyefanya kazi namna hiyo. Tarehe 25 Oktoba tunajaribu mbele ya darasa. Mwezi wa Juni ni mbele ya juri, walimu watatu. Asiyesema Juni anatolewa kwenye section ya lugha mbili na kurudishwa upande wa Kifaransa peke yake. Kwa kuandika mimi ni wa kwanza. Kwa mdomo nina sifuri, na sisemi kwa mfano, imeandikwa na kalamu nyekundu. Kiki, anayekaa nyuma yangu, ananiita "radio yenye haina pile", yaani isiyo na betri.

Sitaki kutoka, Shangazi. Sijamwambia mtu, hata Mama. Nikisoma Kiingereza peke yangu chumbani, kwa midomo tu bila sauti, ninahisi kuna msichana mwingine ndani yangu ambaye haogopi. Wakinirudisha, sijui atakwenda wapi.

Baba anasema unabomoa kichuguu peke yako ili ufyatue matofali. Ni kweli?

Mimi mtoto wako, mwenye sauti ya kalamu tu,
Myriam Kangwa


Sakania, tarehe 29 ya mwezi wa tisa 2024

Mama Kangwa,

Mwapoleni, sawa vile banasalimia hapa. Barua yako ilifika na harufu ya mazutu ya lori, juu Aaron alikaa nayo siku tano mu mustari wa malori. Mi niko muzima, ila muguu wa kushoto unalalamika. Bantu banashangaa kusikia ninaita mutoto wa miaka kumi na sita "Mama". Ninabaambia huyu alibeba jina ya mama yangu muzazi, mulitaka nimuite namna gani?

Nilisomea jirani yangu Kapya ile maneno ya Baingereza. Huyu muke alicheka mpaka akakaa mu vumbi. Akauliza, "Mwenye kuweka pua ku jiwe, atapumulia wapi?" Na mwenye kuchoma mushumaa pande mbili, akasema, huyo mushumaa haikuwa yake. Lakini mafuta ya kiwiko tuliipenda. Hiyo hapa iko mingi.

Ndio, ni kweli juu ya kichuguu. Unaikumbuka, ile ya nyuma ya nyumba, yenye ilipita paa. Nilianza mu mwezi wa tano. Siku ya kwanza jembe iliruka sawa nimepiga chuma. Ule udongo iko nguvu juu badudu banauchanganya na mate yabo, kinywa kimoja kimoja. Ndiyo sababu matofali yake iko inapita yote. Siku ya ine nilifika mu kati, na hapo nilikuta vyumba, Mama. Vyumba na njia, na mapaa ya muviringo yenye fundi yeyote wa hapa hawezi. Niliweka jembe chini. Kapya aliniita mara tatu, nikaendelea kuangalia, sawa mu kanisa. Mududu mwenye haone, mwenye ukimukanyaga hausikie kitu, ndiye alijenga ile yote, na hakuna mwenye alimuonyesha plan.

Kisha nilirudilia kazi, juu na mi ninatafuta nyumba. Ukuta wangu wa nyuma ni wa udongo mubichi, na mvua ya mwaka jana iliulamba mpaka ninaona jua ndani yake. Ninachota maji, ninakanyaga udongo na miguu mpaka unakuwa sawa bukari yenye imeiva, ninaujaza mu forme ya mbao, ninapindua. Nilifika matofali elfu sita. Ilisha kukauka. Sasa tunaipanga tanuru, tunaachia midomo tatu ya moto, tunapaka udongo inje.

Nitawasha tarehe 15 ya mwezi wa kumi. Moto utakula siku tatu. Kisha unaziba midomo yote, na unakaa siku kumi. Haugusi. Hapo ndio kuko kazi yenyewe, kukaa na mikono mitupu. Bantu banapita banauliza, "Iliiva?" Unabajibu, "Sijue." Ukifungua mbele ya siku, baridi inaingia kwa nguvu na matofali inapasuka.

Juu ya sauti yako, sina dawa. Chagua neno lako, uniambie.

Shangazi yako Adolphine


Katuba, tarehe 12 Oktoba 2024

Shangazi mpendwa,

Tunakusalimu wote. Joto limezidi, mawingu yanakuja yanaondoka. Mama amemaliza uniforme na sasa tunakula mezani kama watu.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, sikuweza kusubiri niketi. Tangu siku hiyo kila kichuguu ninachokiona njiani ninakipita polepole. Kipo kimoja nyuma ya kiwanja chetu cha shule, wavulana wanapanda juu yake kuangalia mpira. Nilitaka kuwaambia washuke. Sikusema, bila shaka.

Nimechagua mafuta ya kiwiko, na mtu wangu ni wewe. Nimeandika ukurasa mmoja na nusu kwa Kiingereza. Nimeweka jembe lililoruka, nimeweka vyumba vya wadudu, nimeweka udongo na miguu yako. Ninaujua wote kwa kichwa. Ninauimba kimoyomoyo nikisukuma bomba la maji.

Tatizo moja tu. Hadithi yangu inasimama mbele ya tanuru lililozibwa, basi, haina mwisho. Monsieur Gauthier amesema habari za mtu lazima zifike mahali. Ninajijua, Shangazi. Nikifika hapo bila kujua kinachofuata, nitakwama. Aaron anasema tarehe 23 atatoka Sakania kurudi huku. Ukimpa karatasi yenye neno moja tu, kwamba matofali yametoka na ni mazuri, nitasimama mbele yao na nitasema. Ninakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.

Myriam wako


Sakania, tarehe 23 ya mwezi wa kumi 2024

Mama Kangwa,

Ninaandika mbio, Aaron alisha kuwasha motere. Matofali ilitoka. Iko miekundu. Ukigonganisha mbili inalia sawa kengele. Hapa mvua ya kwanza imeanza.

Simama, mama yangu. Sema.

Adolphine


Katuba, tarehe 3 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Sisi ni wazima, Baba ana kikohozi kidogo cha vumbi.

Asante kwa barua. Niliisoma mara nne kabla ya kuingia darasani. Ilienda vizuri. Sina mengi ya kuongeza, tuko kwenye mitihani ya interrogations.

Umeanza kujenga? Baba anataka kuja Noeli kuona ukuta mpya. Tumefurahi sana kwa ajili yako.

Myriam


Sakania, tarehe 19 ya mwezi wa kwanza 2025

Mama Kangwa,

Mwaka muzuri kwenu wote. Usikasirike juu nilikawia. Njia iko matope, malori inalala mu shimo, na mi nilikuwa na kazi ya shamba. Ni sababu ya ile matope nilitumaka neno kwa baba yako Faustin asikuje Noeli. Umwambie kaka yangu anywe maji ya moto na tangawizi juu ya kile kikohozi.

Mahindi yangu inapita kichwa. Mbuzi wa Kapya alizaa mapacha, sasa Kapya anatembea mu quartier nyumba ku nyumba sawa yeye ndiye alizaa.

Unaniuliza juu ya nyumba. Nyumba iko fasi yake, palepale.

Ulisema ile siku ilienda muzuri, lakini haukuniambia balikuambia nini, wala mwalimu alifanya uso gani. Mi nilitaka kusikia. Unitumie tena maneno ya Baingereza, tunacheka nayo wakati wa mvua.

Shangazi yako


Katuba, tarehe 16 Februari 2025

Shangazi mpendwa,

Mwaka mwema nawe. Baba amekunywa tangawizi yako, amekasirika, amepona.

Haya maneno mengine, umsomee na Mama Kapya. Ukisaidia kazi iliyokwama, Waingereza wanasema umeweka bega kwenye gurudumu. Ukifanya zaidi ya ulichoombwa, umekwenda maili moja zaidi ya safari yako. Na kazi iliyomchukua mtu kila kitu wanaiita damu, jasho na machozi, yote matatu pamoja, kama wanataja vitu vya kupikia mboga.

Nimekaa nayo miezi mitano sasa, na nimeona jambo. Yote yanasukuma. Yanavuta, yanabeba, yanachoma. Nimetafuta kwenye karatasi ya mwalimu, nimetafuta kwenye kamusi ya shule, sijapata hata moja la mtu aliyeziba mdomo wa tanuru na kukaa na mikono mitupu. Labda lipo na sijalifikia.

Kuhusu Oktoba, walisema kidogo tu. Mambo ya shule. Na wewe hujajibu kuhusu nyumba.

Myriam


Katuba, tarehe 27 Aprili 2025

Shangazi,

Leo sitaanza na habari za nyumbani. Tuko wazima, hiyo inatosha.

Jana Aaron alileta suruali yake kwa Mama ashone zipu. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni, akaanza kukusifu kama tunajua kila kitu. Alisema, "Ule mama ni mutu wa nguvu. Tanuru muzima ilipasukaka, na sasa anaanza tena." Mama alisimamisha mashine. Mimi nilikuwa ninachambua mchele nikaacha mkono ndani ya sinia.

Alituambia yote, Shangazi. Kwamba asubuhi ya tarehe 23 alipita kwako kama nilivyomwomba. Kwamba ulimuuliza kama anaweza kukaa Sakania siku tano, akasema bosi hawezi kukubali. Kwamba ulichukua jembe ukaenda nyuma ya nyumba, na yeye akakufuata kwa sababu hakuelewa uso wako. Anasema ulipobomoa mdomo na joto likatoka, alirudi nyuma hatua kumi, na wewe hukurudi. Mvua ilikuja hapohapo. Alisikia matofali yanalia. Anasema ulikaa ukiangalia kitambo, ukaenda kwenye lori lake, ukaandika barua yangu juu ya kapo, kifuniko cha injini, na karatasi ilikuwa na majivu. Mimi niliyaona yale majivu. Nilidhani ni furaha ya kazi.

Akasema pia kwamba ukuta wa nyuma ulianguka mwezi wa kumi na mbili, na kwamba mvua yote umelala nyuma ya bâche, turubai tu.

Niliingia chumbani nikatoa barua yako ya mwezi wa tisa. Siku tatu za moto na siku kumi za kukaa. Uliziandika wazi. Tanuru lilitakiwa kufunguliwa tarehe 28, na mimi nikakuomba jibu la tarehe 23. Nilijua maneno ishirini ya Kiingereza kwa kichwa na sikuhesabu hadi kumi na tatu.

Sasa na mimi nikuambie. Haikuenda vizuri. Waliniita, nikasimama, barua yako ilikuwa mfukoni. Nilikuwa na mwanzo, nilikuwa na mwisho, nilikuwa na kila kitu. Nikafungua mdomo na hakuna kilichotoka. Darasa lilisubiri. Kiki hakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kama angecheka. Nilikuwa ninaangalia kucha zangu. Mwishowe Monsieur Gauthier akasema kwa sauti ya chini nikae, nikakaa. Sifuri ya pili.

Ulivunja nyumba yako kwa ajili ya sentensi ambayo sikuisema. Kisha nikakuandikia ilienda vizuri, nikakuuliza kama umeanza kujenga. Ninaona haya mpaka mkononi.

Nimefikiri nimwambie mwalimu anitoe kwenye section sasa, kabla ya Juni. Mtu kama mimi anachukua nafasi ya mwingine bure. Unisamehe kama unaweza.

Myriam


Sakania, tarehe 18 ya mwezi wa tano 2025

Mama Kangwa,

Aaron iko na mudomo sawa soko ya Jumamosi. Nilimupa kuku ili anyamaze. Alikula kuku, na akasema.

Sikiliza muzuri, juu hii nitaiandika mara moja tu. Ni mi nilifungua, si wewe. Wewe haukujua siku, ulikuwa na woga, na mutu mwenye woga hahesabu. Mi nilijua. Hapa hata batoto banajua. Nilisimama mbele ya tanuru na nilisema mu moyo: labda itanionea huruma, juu ni ya mutoto. Hebu ona mukubwa wa miaka makumi tano na ine anaomba tanuru huruma.

Nilibomoa mudomo wa kwanza. Ilianza juu, tak, tak, sawa mahindi mu sufuria, kisha mvua ikaingia na yote ikajibu pamoja. Elfu sita. Kwa muda moja, Mama, ilikuwa kintu ya kuogopesha na muzuri, sijue namna ya kukueleza, sawa mulima unasema. Kisha ilinyamaza. Nilitafuta mbili zenye hazikupasuka, nikazigonganisha, zililia sawa kengele. Hiyo sikukudanganya. Nilikuandikia juu ya zile mbili.

Sikukuambia juu sikutaka ubebe matofali yangu mu kichwa mbele ya mwalimu. Kisha sikukuambia juu nilisikia haya. Nilikaa miezi bila kupita nyuma ya nyumba. Kapya ndiye alikuwa ananiletea vitu vya kule. Ukuta ulianguka saa sita ya muchana, tulikuwa tunakula, tuliangaliana, tukamaliza kula. Ungefanya nini?

Mu mwezi wa tatu mbuzi wa Kapya alipotea, nikamufuata kule nyuma. Pale kwenye nilikuwa nimechimba kichuguu, kilikuwa kimerudi. Kilifika hapa mu goti, kibichi, cheusi ya maji. Niliinama karibu. Badudu balikuwa banatoka na kale kaudongo mu kinywa, mumoja anaweka, anarudi, mwingine anaweka. Nilibomoa nyumba yabo na jembe, mi mwenyewe, na hakuna mwenye aliniangalia hata. Nilikaa pale mpaka mbuzi alirudi peke yake. Ninakuambia kweli, sijaonaka kintu yenye ilinifanya mudogo namna ile, na sikusikia vibaya kuwa mudogo.

Kile kipya sikukigusa. Niko nachukua udongo wa kichuguu kingine, kwa mujomba wa Kapya, mbali kidogo. Mvua imesha kukatika. Nilifika elfu mbili na mia tatu. Nitachoma mu mwezi wa saba, na wakati huu Aaron anaweza kupiga klaxon mpaka betri ikufe.

Sasa mambo yako. Usijitoshe mu ile section. Kama ni kutoka, bakutoshe bo benyewe. Na mu Juni usibaambie kama matofali ilitoka muzuri. Hiyo ukurasa moja na nusu uliiandika juu ya mutu mwenye hakuna. Uiweke ku moto. Ninaona sauti yako ilikataa kutoka juu ilijua.

Usiniombe musamaha tena, inanichokesha kuliko udongo.

Shangazi yako Adolphine


Katuba, tarehe 22 Juni 2025

Shangazi wangu,

Kila mtu ni mzima. Baba alirudi jana na amekaa macho mpaka nilipomaliza kumsomea barua yako, hata sehemu ya ukuta. Alitoka nje, akarudi, akasema mwezi wa saba tunakuja wote wawili, yeye na mimi, na kwamba miguu minne inakanyaga udongo zaidi kuliko miwili. Usibishane naye, ameshaomba likizo.

Juri ilikuwa Alhamisi.

Ukurasa niliuchoma kweli, kwenye makaa ya imbaula ya Mama, asubuhi ya siku hiyo. Mama aliuliza ninachoma nini, nikamwambia ni Kiingereza. Akasema, "Sawa, lakini ondoa sufuria kwanza."

Tulisubiri kwenye korido. Kiki aliingia kabla yangu. Kabla hawajamwita alinishika mkono, akasema, "Mi ninatetemeka. Wewe unafanyaka namna gani kila siku?" Nilimwangalia. Miaka miwili nilidhani mimi peke yangu ndiye niliyeumbwa hivi.

Ndani walikuwa watatu mezani: Monsieur Gauthier, bwana mmoja mwenye tai, na madame mzee ambaye sikuwahi kumwona, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Waliniuliza neno langu. Nilinyamaza. Monsieur Gauthier aliangalia chini, nadhani aliona vibaya kwa ajili yangu. Nami sikuwa na kitu kichwani, Shangazi, hakuna mstari hata mmoja wa kukimbilia. Nilikuona wewe tu, na jembe, na Aaron akirudi nyuma hatua kumi.

Nikasema kwa Kiingereza, "Shangazi yangu alifungua tanuru mapema, kwa sababu yangu."

Madame akaweka mkono sikioni. Hakusikia. Ilibidi niseme tena, na mara ya pili ilitoka mpaka bwana wa tai akainua kichwa. Baada ya hapo sikuweza kunyamaza. Nilisema kichuguu, nilisema vyumba. Sikujua neno la kuziba, nikaonyesha kwa mikono nikipaka udongo hewani. Nilisema siku kumi na tatu ambazo sikuzihesabu. Nilisema nilivyodanganya na ulivyodanganya. Nilisema wadudu walivyorudi mpaka kwenye goti. Niliwaambia kwamba neno nililochagua ni mafuta ya kiwiko, lakini kwamba halitoshi, na kwamba nilitafuta miezi yote kwenye lugha yao nikakosa lenye kutosha. Makosa yalikuwa mengi, niliyasikia yakipita, sikurudi kuyaokota.

Nilipomaliza hakuna aliyeandika. Kisha madame akaniuliza kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi. Aliuliza, "Na wewe, ungekuwa yeye, ungefungua?"

Ninakuambia ukweli, kwa sababu kudanganyana tumemaliza. Jibu zuri lilikuwa hapana. Lingeonyesha nimejifunza kukaa na kusubiri. Mwalimu angefurahi. Lakini nilikuwa ninaangalia mikono ya yule madame, ilikuwa mikono ya mtu wa jembe, mikavu, na nikajibu bila kupanga, "Ndiyo. Ningefungua. Kisha ningefyatua mengine."

Ni sentensi za kwanza za Kiingereza nilizowahi kumjibu mtu maishani.

Madame alivua miwani. Monsieur Gauthier alisema asante, Myriam, unaweza kwenda, lakini alisema hivyo mara mbili, kwa sababu mimi nilikuwa bado nimesimama.

Jumamosi walibandika majina. Nimepata kumi na mbili juu ya ishirini. Pointi za sarufi wamenikata bila huruma. Ninabaki kwenye section.

Lakini si hiyo ninayotaka kukuambia mwisho. Ninataka kukuambia kuhusu sauti. Miaka yote nilidhani ikitoka itakuwa nyembamba, ya mtoto, ya kuchekwa. Siyo, Shangazi. Ni nzito, inatoka chini kabisa, na pale ndani ilijaza chumba mpaka dirishani. Nilikuwa ninasema na wakati huohuo ninaisikiliza, kama mtu anayesikia mgeni anaongea nyuma ya mlango, anauliza nani huyu, na anafungua, na ni yeye mwenyewe.

Wako,
Myriam Kangwa